Aliyebeba

Marcellin ndiye aliyekuwa mshtaki na ndiye aliyekuwa mkalimani, na kazi zote mbili alizifanya kwa sauti ya juu. Chimène, mkewe, asiyejua Kiingereza, aliketi kando yake katika ofisi ya mwanasheria, mjini Louisville, mkoba mapajani.

Mwanasheria alikuwa ameshaeleza sheria mpya ya jimbo. Mwanamke aliyemeza dawa za kutoa mimba hashtakiwi. Waliozitoa kwenye majimbo yanayoziruhusu wanalindwa na sheria za kwao. Lakini aliyezibeba akaziingiza hapa, huyo, baba wa mtoto anaweza kumburuta mahakamani mpaka amfilisi.

Marcellin akamtafsiria mkewe, tena kwa utamu.

"Hata kama hakujua ile alibeba?" Chimène aliuliza.

Swali hilo Marcellin hakulifikisha kwa mwanasheria. "Mutu anabeba muzigo bila kujua? Donc, iko punda?"

Aliumia kweli, tusimwonee. Alikuwa ameshampa jina mtoto wa tumboni. Halafu akakuta pakiti tupu ya dawa kwenye takataka, na mkewe amejikunja kitandani.

Na ni mume gani angemfanyia mkewe zaidi? Alimweleza mwanasheria yote: alivyofua, alivyopika, alivyoendesha gari hadi Buffalo, jimbo jingine, kwa mama mdogo wa Chimène kumletea sambaza, visamaki vikavu vya ziwa la kwao, kwa kuwa mimba ilivitamani. Alirudi kupitia Columbus, njaa ikimuuma, na mfuko asiufungue hata kuonja. Mwanasheria alitikisa kichwa kwa huruma.

Ambacho hakukieleza ni onyo la daktari. Elie, mtoto wao wa kwanza, alipozaliwa, damu ya mama yake ilikataa kukatika, na daktari akasema mimba nyingine ingeweza kumuua. Marcellin alijibu kwamba madaktari si Mungu. Chimène alinyamaza siku hiyo, naye mume akauchukua ukimya ule kuwa imani.

Sasa alikuwa na mtu wake wa kumshtaki. Joselyne, dada yake Chimène anayeishi Columbus, alikuja kuwasalimia wiki ileile mimba ilipotoka. Joselyne analea watoto peke yake kwa kazi ya kuwaogesha wazee wa watu, na kesi kama hii ingemmaliza. Na immalize, Marcellin alijisemea.

"Basi tuandike Joselyne," alisema mwanasheria, "isipokuwa mkeo ana jina jingine."

Marcellin alimgeukia Chimène. "Bon. Anaandika Joselyne. Uko na jina ingine?"

Chimène aliuweka mkoba sakafuni. Tangu siku ile ya takataka hakuwa amesema nani alizileta dawa, hata mara moja, si kwa kubembelezwa, si kwa matusi.

"Joselyne hana kosa," alisema. "Alikuja mikono mitupu."

"Sasa ni nani?"

"Nilitaka kunyamaza mpaka kaburini, Papa Elie. Wewe njo umekataa." Alimtazama usoni, bila chozi. "Muambie avoka wako: dawa zilikuwa mu mufuko ya sambaza."

Mwanasheria alishika kalamu, akamtazama Marcellin, akingoja tafsiri.