Shingo ya Babu

Profesa Mereana alizunguka tena chini ya boriti ya paa, roho haijatulia. Nyumba ya ukoo, ambayo kwa Wamaori ndiyo babu mwenyewe, boriti ikiwa uti wake kutoka shingoni, ilikuwa imerudi kutoka makumbusho ya Ulaya. Ukumbi wa vioo aliousanifu yeye uliifunika barabara, bila hata upenyo wa mkono. Kesho ulikuwa uzinduzi.

Shangazi yake akaingia amekumbatia kitu kirefu ndani ya blanketi.

"Kitabu kizima umeandika juu ya babu yako, hukuona kwamba hana shingo?"

Akalifungua. Kipande cha mti, kimechongwa mistari ileile ya boriti. Upande mmoja ulikuwa na alama za msumeno.

"Walipomchukua hakuenea melini, wakamkata. Bibi zako wakakificha hiki mpaka arudi."

Mereana alipanda nacho jukwaa la mafundi, akakisogeza kwenye ncha ya boriti. Kabla mistari haijakutana, kipande kiligonga kioo.

"Tukipunguze kidogo hicho kipande, Profesa?" fundi mmoja akanong'ona.

"Thubutu!" shangazi akafoka.

Mereana alikitazama kioo chake, kile kilichopamba magazeti. Akanyoosha mkono.

"Nipeni nyundo."