Gauni la Harusi ya Iyula

Mapaja yalishaanza kuwaka kabla Tukuswiga hajaipita foleni ya malori. Alikuwa amejipaka mafuta ya mgando na kuvaa taiti chini ya sketi, lakini wapi. Nyama zikisuguana kilima kizima, hakuna mafuta yanayotosha.

Watu wembamba hudhani kutembea ni kutembea tu. Hawajui ilivyo kuupandisha mwili mzito mwinuko wa kwenda Mpemba, magoti yanalalamika, pumzi inakatika, jasho linatiririka mgongoni wakati wenzako wote wamevaa majaketi kwa baridi.

"Mayo, panono panono," dereva mmoja wa Zambia alimwambia kutoka dirishani. "Polepole, utafika."

Utingo wake akacheka. "Mama, unasukuma lori?"

Tukuswiga alizidi kupanda. Aliwaza gauni.

Osea, mumewe, alilileta limekunjwa kwenye mfuko wa fundi. Kitenge cha bluu, kimeshonwa kikashoneka. Alipojaribu kulivaa liligoma kifuani.

"Fundi alikadiria tu," Osea alisema bila kumtazama. "Likikuenea, tutakaa wote meza ya mbele kwenye harusi ya dada kule Iyula. Lisipokuenea, baki nyumbani. Sitaki kuchekwa."

Maneno yale yalimchoma. Harusi zote za ukoo wa Osea, Tukuswiga alizimalizia jikoni, na mawifi walimwita pipa. Safari hii alitaka wamwone ameketi ubavuni mwa mumewe. Basi akaacha wali wa usiku, akatembea. Mchumia juani hulia kivulini, alijiambia, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijachomoza.

Mwanzoni alirudi analia. Taratibu mapaja yakaacha kuchubuka. Asubuhi moja alikipanda kilima chote huku anaongea na simu, ndipo akajua mwili umempisha.

Wiki ya harusi alilivaa gauni. Zipu ikapanda mpaka juu. Akacheka peke yake mbele ya kioo, akazunguka, akakanyaga pindo nusura aanguke. Kifua kimekaa, kiuno kimekaa, nyonga zimekaa. Chini tu ndiko lilikoburuza sakafuni. Mwili hupungua, urefu hauongezeki. Hilo halikumtisha, fundi angelifupisha.

Mfuko ulikuwa na jina la duka, karibu na stendi. Fundi Restuta hakuwa amewahi kumwona. Alilipokea gauni, akaligeuza, akautambua mshono wake, akatabasamu.

"Kumbe mke wa Osea kakuuzia wewe? Nilimpima mwenyewe hapahapa, mumewe kamshikia mkoba. Lilipoisha akalikataa, eti rangi." Akavuta futi iliyoning'inia shingoni mwake. "Simama wima, dada, nilikate. Yule ni mrefu."