Saa Ndani ya Beseni

Bi Somoe alikuwa ameshazunguka maduka manne, miguu ikimwaka moto. Katika duka la tano akachagua saa ya bei nafuu, akamwomba Shomvi, mwenye duka, aitumbukize kwenye beseni la maji.

"Mbona imeandikwa mita mia, mama."

"Maandishi hayapigi mbizi, mwanangu. Anayepiga mbizi ni binti yangu. Baba yake alijisahau huko chini akifuata pweza, hakurudi."

Shomvi akaitumbukiza. Bi Somoe akaegemea meza, tasbihi mkononi, macho kwenye beseni. Ikaadhiniwa alasiri, ikaisha.

"Inatosha sasa," Shomvi akasema, akanyoosha mkono.

"Iache."

Mshale mwembamba ulikuwa ukizunguka chini ya maji, na tangu ulipopita kwenye namba kumi na mbili, Bi Somoe hakuwa amevuta pumzi.