Wimbo wa Wabebaji

Maji ya Mto Usa yalikuwa yamewafika kiunoni Hanna alipopaza sauti: "Nyamazeni!"

Yeye, mkunga, ndiye aliyeongoza msafara. Wanaume wanne walibeba machela ya miti, na juu yake mama aliyejifungua alfajiri, damu ikagoma kukatika. Walimpeleka Arusha, kwa daktari Mwingereza. Njia nzima waliimba ili hatua ziende pamoja.

Wimbo ukakatika. Hanna akatega sikio kwenye midomo mikavu. Mgonjwa alikuwa bado anapumua, kwa mbali.

Ndipo akakumbuka. Kwao mlimani, wabebaji hunyamaza pale tu mgonjwa anapokata roho.

"Yu hai! Imbeni, jamani, imbeni!"

Lakini mume wa yule mama, aliyebeba mbele, alikuwa ameshaachia machela na kuweka mikono yote miwili kichwani, kama mfiwa.