Upande wa Pili wa Bati

Ukuta waliousimamisha jana ulikuwa umelala tena kwenye nyasi. Darryl alizima gari akabaki akiushangaa, mikono ingali kwenye usukani.

"Usiniangalie hivyo," alisema Neville, drili mkononi. "Ulikuwa umepinda. Nimefungua skrubu zote. Shuka ushike huko."

Darryl akashuka, akashika. Asubuhi zote zilikuwa zake sasa. Ng'ombe wake wa maziwa walipandishwa lori mwishoni mwa kiangazi, mfereji wa kumwagilia malisho ulipokauka, na hakukuwa na wa kukamuliwa tena. Lakini aliuinua ukuta ule kwa huzuni, kwa sababu haukuwa umepinda hata kidogo. Aliupima mwenyewe kwa pima maji. Na huyu Neville, kabla hajastaafu, ndiye aliyejenga nusu ya mabanda ya nyasi kavu ya wilaya nzima. Kibanda kama hiki cha chuma, kinacholetwa kimekatwa tayari ili mtu akiunganishe peke yake nyuma ya nyumba, kingemchukua siku chache tu. Alikuwa akihangaika nacho tangu Pasaka.

"Tangu amzike mkewe Noelene, akili ya mzee imehama," Darryl alimwambia mkewe, Maree, siku moja mezani.

Maree aliitikia upesi, akilifupisha jina lake kama kawaida. "Basi nenda kwake kila siku. Kaa naye. Mimi naogopa, Daz."

Huku mwanamume haulizwi moyo wake ukoje. Ukimuuliza atakwambia yuko sawa, kisha atakukwepa mwezi mzima. Unapita kwake kama mtu aliyekuwa anapita tu, unashika upande wa pili wa bati, mnaongea habari za mvua na mpira, na mkishachoka kuongea huenda neno likamtoka. Darryl alikuwa akilisubiri neno hilo kwa wiki nyingi. Neville hakulitoa.

"Umelala?" Neville aliuliza walipokaa kupumzika. Aliuliza hivyo kila siku.

"Kidogo."

"Umekula?"

"Maree aliniachia kitu."

"Sijauliza ulichoachiwa. Nimeuliza kama umekula." Akamsukumia mkate wenye soseji na vitunguu. "Mkamuaji mzima umebaki mifupa. Upepo ukivuma itabidi nikukaze kwa skrubu hapo kwenye nguzo."

Darryl alicheka, akala nusu. Maskini, aliwaza, amezoea kumlisha mkewe, sasa hana wa kumlisha. Akamwonea huruma zaidi, akalazimisha na ile nusu ya pili.

Ukuta ulisimama. Darryl alipokuwa akirudi kwenye gari, Neville akamfuata hadi mlangoni.

"Kesho unakuja?"

"Tutaona."

"Tutaona siitaki. Niambie unakuja."

"Nakuja, mzee. Utadhani nina pa kwenda."

Neville hakuondoka. Alikuwa akiitazama drili yake, anaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Halafu ile bunduki yako. Niazime. Mbweha wananimalizia kuku."

Neville hakuwa na kuku. Aliwagawa wote wiki ileile aliyomzika Noelene, na wawili wao walikuwa wakichakura bustanini kwa Darryl mpaka leo.

"Nitaitafuta," alisema, akawasha gari.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliegesha kando ya mfereji mkavu, akakaa humo garini muda mrefu na kioo kimefungwa. Alijilaumu. Wiki zote hizi ameshika mabati kama mpumbavu, wala hajathubutu kuuliza. Alijua jinsi mawazo ya namna ile yanavyomnyemelea mtu alfajiri, nyumba ikiwa kimya. Alijua pia kwamba mtu akishafika hapo hujifunza kucheka, na kula, na kusema atakuja kesho. Hapana, hajampoteza Neville bado. Angeificha bunduki mahali pasipojulikana, kisha angerudi kumuuliza ana kwa ana, liwalo na liwe.

Alipofika nyumbani gari la Maree halikuwepo. Kabati la chuma ambamo bunduki hufungiwa lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu.

Darryl aliendesha kama mwendawazimu. Hakumbuki kupita darajani. Nje ya uzio wa Neville aliliona gari la mkewe, akakimbia hadi nyuma ya nyumba, akiita jina la mzee kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Neville alikuwa hai. Alikuwa amepiga magoti kwenye zege, anafungua skrubu moja moja za ukuta waliousimamisha asubuhi. Maree alisimama karibu naye, macho mekundu.

"Iko wapi?" Darryl alihema.

"Nimeifungia ndani," alisema Neville, bila kuinua kichwa.

"Umempa?" Darryl alimgeukia mkewe. Darryl mwenyewe alikuwa analia, na hakujali. "Maree, una akili kweli? Mtu anataka kujiua, wewe unamletea bunduki?"

Maree alimshika mikono yote miwili, akaishikilia kwa nguvu.

"Sikumletea, Daz," alisema. "Nimeitoa tu nyumbani kwetu."