Wiki ya Kuzoea

Babu alikuwa ameketi kwenye kiti kisichozidi kimo cha ndoo, magoti yakikaribia masikio, na alikuwa ameapa hanyanyuki mpaka mjukuu wake anyamaze. Kibonge naye, aliyekaribia kutimiza miaka minne, alikuwa ameing'ang'ania suruali ya mzee kwa mikono miwili, akilia kwa sauti iliyofika barabarani. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kwanza ya wiki ya kuzoea pale kwenye kituo cha kulelea watoto.

Mlezi, mama mmoja mpole mwenye aproni ya mifuko mingi, alieleza utaratibu. Leo mtu wa nyumbani anakaa chumbani asubuhi nzima. Kesho anatoka dakika kumi na kurudi, keshokutwa nusu saa, hivyo hivyo hadi Ijumaa, mpaka aliyekuja mgeni awe mwenyeji. Babu alimjibu kwamba yeye amekuwa fundi seremala miaka arobaini, na haraka haijawahi kunyoosha ubao.

Hakuwa ametaka kuja. Mkewe alifariki miezi mitano nyuma, naye akabaki peke yake nyumbani kwake, mbali, mpaka majirani walipompigia binti yake simu kumwambia kwamba jiko la mzee linakaa siku nyingi bila kuwashwa. Juma lililopita binti alichukua likizo, akamleta kwake na sanduku moja ambalo hadi sasa halikuwa limefunguliwa. Mzee alishinda chumbani na pazia limefungwa, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Hata mjukuu mwenyewe, mzee hakumjua vizuri. Habari za mtoto alizisikia kwa marehemu mkewe, maana mambo ya simu alimwachia yeye.

Ndipo binti alipomwendea na lake. Likizo imekwisha, anarudi kwenye duka la dawa, na bosi ameshamwonya kuhusu kuondoka ondoka kazini. Na Kibonge hataki kubaki kituoni bila mtu wake.

"Baba, nikipoteza kazi hii tumekwisha," alisema. "Wiki moja tu. Mtoto hana mwingine."

Babu aliguna sana, lakini asubuhi alikuwa amevaa viatu.

Kusema kweli mambo yalianza vizuri kuliko alivyotarajia. Kilio kilipokwisha, Kibonge alitundika mkoba wake kwenye msumari wenye picha ya samaki bila kuelekezwa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vikombe, akachukua cha kijani. Babu alimwambia mlezi kwamba maji hufuata mkondo, ukoo wao wote ni watu wa kung'amua mambo upesi. Mlezi alikohoa, akakubali.

Jumanne alitoka dakika kumi. Ilipofika ya tatu kilio kikaanza, naye akarudi mbio na mvi zake. Kilikuwa kilio kikavu, hakina tone la chozi, na jicho moja la Kibonge lilichungulia mlangoni kati ya vidole. Babu alisema wanaume wa kwao hulia hivyo.

Jumatano aligundua kwamba viti vinayumba. Vilikuwa kumi na vinane, na hakuna hata kimoja kisicho na mguu unaocheza. Alivumilia hadi saa nne, uvumilivu ukamshinda. Akaomba nyundo, gundi na kipande cha mbao, akakaa sakafuni, akaanza kuchonga kabari. Alimweleza mlezi kwamba anafanya hivyo ili mtoto azoee kumwona ana shughuli zake. Watoto walimzunguka. Mmoja alishika gundi, mwingine alipewa cheo cha kuhesabu miguu, na msichana mwenye pengo alitaka kujua kama zile nywele za masikioni alizipanda mwenyewe. Babu alicheka hadi akashika mbavu, kisha akashtuka kwa kuisikia sauti yake.

Alhamisi alitolewa nje saa nzima. Alitembea mpaka duka la vifaa, akachagua msasa, akabishana na muuzaji kuhusu misumari, akachelewa. Aliporudi, Kibonge alikuwa akijenga mnara na wenzake. Alipomwona babu mlangoni ndipo alipokumbuka kulia.

Ijumaa alasiri binti alikuja kuwachukua. Wiki nzima alikuwa kazini roho juu. Mlezi alimvuta kando, nje ya mlango. Huko ndani nyundo ilikuwa ikigonga taratibu.

"Amekula?" binti alinong'ona.

"Sahani mbili. Na mchana amelala kwenye mkeka na wenzake, akakoroma."

"Na Jumatatu?"

"Ameniuliza mwenyewe tunafungua saa ngapi."

Binti alifunika uso kwa viganja, akalia pale pale kwa furaha, bila kuona haya. Mlezi alimpa kitambaa kutoka kwenye mmoja wa ile mifuko yake, akamsubiri. Alipopata pumzi, binti alikumbuka jingine.

"Na Kibonge wangu?"

"Huyo ndiye wa kuhurumiwa," mlezi alisema. "Tangu umlete hapa akiwa anatambaa hajawahi kulia hata siku moja, na sasa anauliza kama wiki ijayo mwenzake anaweza kumshikia zamu ya kulia."