Toleo la Shemsa

Shemsa na wenzake walitengeneza mfumo wa kompyuta wa aina ya Linux kwa kujitolea, wakijuana mtandaoni tu. Walikuwa na desturi moja: kila toleo jipya waliliita kwa jina la mwenzao aliyefariki.

Baada ya kumuuguza mama yake mwaka mzima bila kuingia mtandaoni, Shemsa alikwenda maktaba ya mji, akawasha kompyuta. Kwenye kioo pakatokea maandishi: "Karibu kwenye toleo la Shemsa. Mwenzetu, hatutakusahau."

Mwaka mzima hakuna aliyempigia hata simu. Wameona rahisi kumzika kuliko kumtafuta!

Akajaribu kuingia ili awaambie kwamba yu hai. Akaunti yake ilikuwa imefungwa, kwa heshima ya marehemu.

"Umeupenda mfumo huu, dada?" akauliza Bwana Kheri, mkutubi, akiinama kutazama kioo. "Huyo Shemsa ndiye aliyeufanya uongee Kiswahili. Mungu amrehemu."

"Amina," akajibu.

Chini ya jina lake palikuwa na kisanduku cha kuandikia rambirambi, ambacho hakikudai nywila. Shemsa akavuta kiti karibu, akaweka vidole kwenye kibodi.